Baada ya Volyumu

Mzee,

Amplifaya ya Kimutai imerudi. Ililetwa Jumanne na dereva wa lori kutoka Salgaa, imefungwa kwa blanketi na kamba ya katani, na tangu niifungue silali vizuri. Jana nilimfokea mteja ambaye hakunikosea chochote. Ndiyo nikaona afadhali niketi nikuandikie, hata kama najua barua hii haina mahali pa kwenda. Ni miezi saba tangu tukuzike. Nasema tukuzike, lakini mimi nilibaki nyumbani na akina mama. Wanaume ndio waliokupeleka.

Kuna jambo moja nataka ujue, na nitalisema mwanzo kabla moyo haujarudi nyuma. Sikuona ulichoandika. Haki ya Mungu, Mzee, sikuona. Nimekiona Jumanne hii.

Sasa wacha nishuke pole pole, maana ulinifundisha nisirukie waya kabla sijajua stima inatoka wapi.

Kibanda chetu bado kipo. Upande wa mbele nimempa dada mmoja anayeuza kava za simu, kwa sababu mimi peke yangu siwezi kukijaza. Ana kaspika kadogo saizi ya kikombe, kanapiga kelele kutwa nzima, na kila nikikasikia nakusikia wewe ukisema, "Hicho nacho ni spika ama ni mbu?" Kiti chako cha mguu mbovu kiko pale pale. Mteja akitaka kukikalia namwambia kimevunjika, na si uongo.

Mama Rukia, mkeo, amemaliza eda. Amerudi kupika mahamri, na kila Ijumaa ananitumia manne kwenye kile kibakuli cha bluu, vile vile kama zamani, mawili yako na mawili yangu. Sijui kama anasahau ama anafanya makusudi, na sina uso wa kumuuliza. Yangu nakula. Yako nampa dada wa kava, namwangalia akiyamaliza, na roho inaniuma kana kwamba ameniibia.

Makanisa bado yanaleta vyombo vya sauti vinavyotaka kutengenezwa. Kule Free Area, Jumapili ile ya kwanza baada ya wewe kuondoka, mchungaji alisimama akakutaja kwa jina, ati tuishukuru familia ya Fundi Abdalla, ambaye ametupa sauti miaka yote hii na hata hakuwa wa kanisa. Watu wote wakaitikia amina. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nalia na kucheka pamoja, maana nilijua ungesema nini. Ungesema, "Amina yao nimeipokea, lakini wapunguze besi."

Unakumbuka nilivyokuja? Nilikuwa na diploma yangu ya umeme kwenye bahasha, nimezunguka mji huu nikitafuta kazi mpaka soli ya kiatu ikaachia. Nikapita kwako nikakukuta umeinamia chombo kilichojaa vioo vinavyowaka rangi ya chungwa, na mkono wako wa kushoto uko mfukoni. Nikadhani mkono una kasoro. Nikakuuliza hivyo vioo ni vya nini, ukasema ni valvu. Nami, kwa kiburi changu cha kolegi, nikakuambia tulifundishwa kwamba valvu ziliisha zamani. Ukaniangalia juu ya miwani. "Basi waambie kolegi zimeisha kwao."

Nilikaa hapo mpaka unafunga. Kesho yake nikarudi. Siku ya tatu ulinipeleka kwa yule fundi cherehani wa barabara ya pili, ukamwambia anishonee mfuko wa kushoto kwenye kila nguo nitakayovaa kazini, marinda na yote. Fundi cherehani alicheka. Wewe hukucheka. Ulisema ndani ya amplifaya ya valvu kuna stima inayobaki hata plagi ikiwa imechomolewa, na mtu akiingiza mikono miwili inaweza kupita kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na hapo hakuna cha fundi tena. Mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni. "Mimi sitaki siku moja nimpigie mama yako simu Keringet, nianze kutafuta maneno." Mpaka leo nguo zangu zote zina mfuko wa kushoto, hata ile ya kanisani.

Ulianza kuniita Injinia kwa kunitania, jina likabaki.

Sheria yako ya pili ilikuwa ubao. Kila amplifaya iliyopita mikononi mwako uliiandikia kwa penseli, ndani ya ule ubao wa nyuma unaofungwa kwa skrubu: mwaka, mwenyewe ni nani, nini kimebadilishwa. Ikirudi baada ya miaka mitano au kumi, kazi ya kwanza ni kuufungua ubao na kuusoma, kabla ya mita, kabla ya kugusa chochote. Ulisema daktari hamdungi mgonjwa sindano kabla ya kusoma kadi yake. Kuna mbao zina mwandiko wako wa ujana, herufi zimesimama wima, na chini yake mwandiko wa juzi juzi unaotetemeka. Mimi hukuniruhusu kuandika. Uliniambia siku yangu ikifika nitajua mwenyewe. Lakini kusoma nilisoma, miaka sita, kila chombo. Nilikosa siku moja.

Siku hiyo ndiyo inayonisumbua.

Kimutai alikuja na malalamiko ya eko. Anapiga gitaa kwenye hoteli pale Salgaa, madereva wanapolala, na kisanduku chake cha eko alikuwa amekichomeka kati ya gitaa na amplifaya. Akipandisha amplifaya mpaka ingurume vile anavyopenda, mwangwi unachafuka, noti zinakanyagana hata hujui ameanzia wapi. Ulimwelezea kwa mambo ya jikoni, kwa sababu ulimwelezea kila mtu kwa mambo ya jikoni. Ukasema sehemu ya mbele ya amplifaya ndiyo inayopika sauti, inakaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi. Sehemu ya nyuma kazi yake ni kubeba sufuria kupeleka mezani. Na eko ni dhania. Sasa wewe bwana unatia dhania pamoja na kitunguu, halafu unashangaa imeungua! Dhania hutiwa chakula kikishaiva, kabla hakijaondoka jikoni. Kwa hiyo tutakata njia hapo katikati, tutoboe matundu mawili kwa nyuma, moja sauti itoke iende kwenye kisanduku cha eko, la pili irudie. Wauzaji wa vyombo wanaita lupu. Kimutai alicheka, akarudi Salgaa, akatuachia chombo.

Mpaka hapo mimi na wewe tulikuwa kitu kimoja. Tulichogombania ni nafasi isiyofika vidole vitatu. Hapo katikati kuna ile volyumu kubwa, inayoamua chumba kizima kisikie kiasi gani. Lupu ikae kabla ya volyumu hiyo, au baada yake?

Mimi nilisema kabla. Nilikuwa na sababu zangu na bado ninazo. Lupu ikiwa kabla, kisanduku cha eko kinapata sauti ya kiwango kimoja siku zote, upige kwa nguvu au kwa upole. Na vile visanduku vina mchirizo wao, ule wa shhh, ukishusha volyumu mchirizo nao unashuka. Ukiiweka baada, ukipiga chini chini unabaki unasikia mchirizo mtupu, na ukipandisha sana kisanduku kinasongwa. Nikakuchorea kwenye karatasi ya mkate. Ukaiangalia karatasi, ukaniangalia mimi, ukasema, "Masikio yangu yanataka baada."

Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Wewe unasikiliza ikiwa wazi. Sikiliza ikifungwa."

Nilikasirika, Mzee. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kwa mara moja tu useme Chelagat, hapo uko sawa. Badala ya kuuliza unamaanisha nini, nikakuambia labda masikio yako yamechoka. Nilikuambia hivyo wewe, uliyekuwa ukisikia valvu mbovu kabla haijafa. Ulivua miwani ukaifuta kwa shati. Ukasema, "Haya, tutaona kesho." Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Sikukuaga. Miaka sita sijawahi kutoka bila kusema Mzee, tuonane kesho, na siku hiyo nikatoka hivyo hivyo, nikikuacha umekaa kwenye kile kiti.

Kesho yake hukuja. Saa tatu Mama Rukia akanipigia kwamba figo zimekulaza.

Nilikuja hospitali mara tatu. Mara mbili nilikukuta umelala na sikutaka kukuamsha. Mara ya tatu kulikuwa na ndugu zako waliotoka Mombasa, chumba kimejaa, nikasimama mlangoni. Ulinipungia mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala kitandani na sindano. Nilitaka kukuambia nisamehe kwa yale ya masikio, lakini ningesemaje mbele ya watu wote wale? Nikasema moyoni, akitoka nitamwambia.

Na hapo ndipo nikaanza kuhesabu vibaya. Kimutai alikuwa na harusi ya kupiga, akaniuliza, Chela, chombo vipi? Ningemwambia asubiri, angesubiri, si mtu wa fujo. Lakini nilitaka urudi ukute nimemaliza. Nusu yake ilikuwa ni kukupunguzia kazi. Ile nusu nyingine sitakuficha, nilitaka usikie kwa masikio yako kwamba nilikuwa sawa.

Nilifungua ubao wa nyuma nikauegemeza ukutani, uso wa ndani ukiangalia ukuta. Sikuusoma. Kwani nisome nini? Chombo kilikuwa hapo mezani wiki nzima, historia yake naijua kwa moyo. Nikatoa drili, nikatoboa matundu mawili, nikakata njia kabla ya volyumu, nikasolda vizuri, mkono wa kushoto mfukoni kama ulivyonifundisha. Kazi safi. Hilo nalo ndilo linaloniuma, kwamba ilikuwa kazi safi.

Ulitoka hospitali Jumamosi. Jumatatu ukajikokota mpaka kibandani, Mama Rukia amekushika mkono, kofia imekuwa kubwa kichwani. Kimutai alikuwepo amekuja kuchukua chombo. Nikaiwasha. Akapiga, na mwangwi ukatoka mmoja mmoja, safi, hakuna kukanyagana. Nikakuangalia usoni. Ulinyoosha mkono, ukashusha ile volyumu pole pole mpaka chini. Sauti na mwangwi wake vikanyamaza papo hapo.

"Imenyamaza vizuri," ukasema.

Mimi nikafurahi! Nilidhani ni sifa.

Halafu ukakaa kwenye kiti chako. Ubao ulikuwa karibu na goti lako. Uliuinua, ukaugeuza, ukauangalia. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio, ukaishika. Nikajua sasa unataka kuandika kazi ya leo, na nikawa najiuliza kama utaandika jina langu. Lakini hukuandika. Ukakaa nao hivyo, penseli mkononi, kisha ukaurudisha vile vile nilivyokuwa nimeuweka, uso ukutani. Nikasema moyoni, maskini, mkono hauna nguvu. Kimutai akauchukua akaufunga mwenyewe kwa haraka, maana dereva wake alikuwa anapiga honi. Wewe ukaninyooshea ile penseli. "Iweke kwenye droo, Injinia." Ukaondoka na Mama Rukia, na wakati huo nilikuaga, nilisema Mzee, tuonane kesho. Sijui kama ulinisikia.

Hatukuonana. Alhamisi kabla ya adhuhuri ulikuwa umekwenda, na alasiri ulikuwa umeshazikwa. Kwetu Keringet mtu hulala wiki nzima, watu wakapanga, wakachanga, wakaimba, na wewe walikuondoa hata sijaamini. Nilikaa kwenye mkeka na akina mama, nimefungwa leso ya binti yako Rukia kichwani, nikisikia wanaume wanatoka na wewe. Mama Rukia alinishika kiganja. Sikulia hapo. Nililia siku ya tatu, kibandani, nilipotafuta bisibisi ndogo nikaikuta umeifunga utepe mwekundu ili nisiipoteze tena.

Haya. Sasa Jumanne.

Amplifaya imerudi na shida ndogo tu, soketi moja ya valvu imelegea, na vumbi la Salgaa limejaa ndani. Nikafungua ubao. Na kwa sababu tangu ufe sijaruka sheria hata moja, nikaugeuza niusome.

Chini kabisa, chini ya yale ya zamani, kuna mwandiko wako unaotetemeka. Umechora msalaba mdogo, na mshale, na ile volyumu umeizungushia duara. Halafu umeandika: "Chela, kata hapa, baada ya volyumu. Sababu nitakueleza. Ngoja nije."

Ngoja nije.

Nilikaa chini sakafuni, Mzee. Dada wa kava aliacha mteja akaja mbio, akadhani nimepigwa na stima.

Nimelipanga jambo hili kichwani mara ngapi sijui. Uliandika jioni ile ile niliyotoka kwa hasira. Hukunipigia simu, si desturi yako, simu yako ilikuwa ya kupokea tu. Uliandika mahali ulipokuwa na hakika nitasoma, kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha na ndivyo nilivyofanya miaka yote. Hukuniita hata Injinia, uliniita Chela. Kisha ukaenda kulazwa. Ukarudi na miguu iliyovimba, ukakuta nimekata kabla, ukaugeuza ubao na kukuta maneno yako yapo pale pale. Wewe ungefikiri nini? Mtu yeyote angefikiri nini? Ulifikiri nimesoma, nikadharau. Ulifikiri kwangu masikio ya mzee yamechoka na maneno yake pia yamechoka. Na hukunigombeza. Ulinipa penseli niiweke kwenye droo.

Jumatano nilikwenda kwa Mama Rukia. Nilimuuliza kama siku ile mlipotoka kibandani ulisema chochote juu yangu. Akaniambia, "Alisema Injinia ameshamaliza. Basi, akaomba uji." Nikamuuliza, alikuwa amekasirika? Akanishika bega. "Alikuwa amechoka, mwanangu." Hakuna zaidi ya hapo. Nimeligeuza neno hilo, ameshamaliza, nikalisoma kwa sauti ya fahari, nikalisoma kwa sauti ya uchungu, na linasomeka kote kuwili. Sitajua. Nikifa nikiwa na miaka tisini bado nitakuwa sijui.

Wazo langu la kwanza lilikuwa niikate upya, niweke baada ya volyumu kama ulivyosema. Nikampigia Kimutai. Akashtuka. "Wee Chela, usiiguse! Iko poa kabisa. Hoteli wanataka nipige chini chini, na haina mchirizo. Kwani kuna shida gani?" Angeelewa vipi? Na chombo ni chake. Wewe mwenyewe ulinifukuza kibandani siku moja nusu saa nzima kwa sababu nilibadilisha spika ya mtu bila kumuuliza, nikidhani namfanyia wema. Kwa hiyo hata kukutii siwezi. Nilitengeneza soketi, nikafuta vumbi, nikawa nimemaliza.

Lakini leo ni Ijumaa. Saa saba, saa uliyokuwa ukivaa kanzu na kuniachia kibanda, dada wa kava alienda kula na kaspika kake kakanyamaza. Nikafunga mlango. Nikachomoa plagi, nikaumwaga umeme uliobaki kwa ule waya wako wenye kipini cha mbao, nikasubiri, nikapima, nikapima tena. Kisha bila kukata kitu, kwa klipu tu, nikahamisha njia: lupu ikakaa baada ya volyumu, pale penye mshale wako. Nikawasha. Nikachomeka gitaa la mteja mmoja wa Njoro aliloniachia, na kisanduku cha eko cha Kimutai kilicholetwa pamoja na amplifaya.

Mchirizo upo, Mzee. Ulikuwepo tangu nilipowasha, shhh, kama nilivyosema. Hapo nilikuwa sawa na sioni haya kusema.

Nikapiga noti moja, ule waya wa tatu uliokuwa ukiupenda. Nikashusha volyumu mpaka chini, kama ulivyofanya wewe.

Haikunyamaza.

Nilikuwa nimefunga. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe, nimefunga mpaka mwisho, hakuna sauti mpya inayoingia. Lakini ile iliyokuwa imeshapita volyumu ilikuwa ndani ya kisanduku tayari, na ikaendelea kutoka. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kila mara chini kidogo, bila haraka, bila mtu kuikata. Mara ya tano niliisikia. Ya sita sina hakika kama niliisikia au niliikumbuka tu. Sikiliza ikifungwa. Hicho ndicho ulichotaka kunieleza. Lile neno la vizuri uliloniambia siku ile, nililifurahia mimi mjinga, na wewe ulikuwa umetoka tu kusikia kila kitu kikikatwa mara moja.

Nililia mpaka kwikwi. Nililia kwa sababu nimeelewa, na wa kumwambia nimeelewa hayupo. Ningalingoja siku sita tu. Ungekaa kwenye kiti chako, ungeshusha volyumu, ungeniangalia juu ya miwani mpaka mimi mwenyewe niseme ahaa. Ulikuwa umejiwekea furaha hiyo, naijua, ulikuwa ukiipenda kuliko mahamri. Nilikunyang'anya.

Kisha nikachomoa plagi, nikaumwaga umeme tena, nikatoa klipu, nikairudisha njia ya Kimutai vile anavyoitaka. Kesho dereva anaipitia.

Barua hii nitaikunja niiweke kwenye droo na penseli yako. Kaburini sijafika bado. Rukia amesema atanipeleka siku moja nisimame nje ya ukuta wa makaburi, na nitakwenda, lakini kule sitakuwa na la kusema nisilosema hapa. Nisamehe kwa yale ya masikio. Nisamehe sikungoja. Kwa lile la kudharau mwandiko wako siombi msamaha, kwa sababu sikulifanya, na hilo ndilo nimeketi kutwa hii nikuambie.

Ninakuahidi hivi. Hakuna chombo nitakachokigusa tena kabla sijaugeuza ubao. Mkono wa kushoto utakaa mfukoni mpaka nizeeke. Na akija mtu na amplifaya yake, akaniuliza lupu iwekwe wapi, nitamwekea zote mbili kwa klipu, nimwambie asikilize ikiwa wazi, halafu asikilize ikifungwa, achague mwenyewe.

Lala salama, Mzee wangu. Safari hii nakuaga vizuri.

Kabla sijaufunga ubao wa Kimutai nilitoa penseli kwenye droo. Hukuniruhusu bado, najua, lakini ulisema siku yangu ikifika nitajua mwenyewe. Chini ya Ngoja nije nimeandika: "Sikuona. Nimesoma leo. Chelagat." Kisha nikaufunga, skrubu zote nane, uso wa ndani ukiangalia ndani.